Faki wa Tanga Jekundu na Kikohozi cha Bibi

Chumbani tulikuwa wanawake watupu. Alikuwapo bibi yangu mzaa mama, Mwanahamisi binti Shali, mwenye nyumba. Mama yangu Fatuma, mtoto wake wa mwisho. Dada yangu Mwanaidi, aliyekuwa anaposwa, amejifunika kanga mpaka machoni. Na mimi, Biubwa, meno ya mbele hayajaota yote. Upande wa pili wa pazia, barazani, alikuwapo baba yangu Makame na wageni wake kutoka Mwambani: Shaame, aliyetaka kumwoa dada, ami yake Haji, na bibi yao Somoe binti Kombo, mzee sana, aliyekaa na wanaume kwa sababu ya umri wake na, nadhani, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Nyumba nzima ilinuka gome la mkoko. Baba alikuwa fundi wa kamba, na gome hilo alilichemsha uani kwenye pipa, akatumbukiza kamba ndani ili zisioze na maji ya chumvi. Harufu yake ni chungu kidogo, kama chai iliyosahaulika jikoni, nayo ilikuwa imeingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Rangi yake ni nyekundu ya damu iliyokauka. Kamba tulizitia rangi hiyo, lakini tanga hata siku moja. Kwetu Mchangamle, kisiwani Mafia, hakuna aliyepandisha tanga jekundu, na sababu yake ndiyo habari ninayoileta.

Nimeikumbuka kwa ajili ya keki. Sasa naishi Arlington, Texas, kwa mwanangu Salma, nesi, na binti zake wawili, Zuhura aliyemaliza chuo na Nasra, kitindamimba. Mwezi uliopita Nasra alitaka sherehe ya kuzaliwa kwake iwe ya maharamia. Watoto wakaja wamezibwa jicho moja kwa kitambaa cheusi, wana ndoano za plastiki mkononi, na keki ilikuwa sanduku lililojaa sarafu za chokoleti. Niliila, ilikuwa tamu. Lakini nikamwambia Nasra kwamba haramia ninayemjua mimi hakuwa na sanduku, na kwamba ni babu yake. Akanitazama kwa lile jicho moja, akaniuliza kwa Kiingereza kama namtania. Zuhura ndiye aliyeacha kucheka.

Faki alizaliwa mtoto wa fundi wa kamba kama baba yangu, huko nyuma sana, zama za matanga, meli ikienda kwa upepo au isiende kabisa. Walimpeleka kwenye jahazi la tajiri, akapigwa humo mpaka sikio moja likafa, na siku aliyochoka kupigwa yeye na wenzake wakamtupa nahodha majini wakalichukua jahazi. Akalitia tanga lake kwenye gome la mkoko ili watu wamwone toka mbali waanze kuogopa mapema, maana mtu aliyekwisha kuogopa hapigani. Wakawa wanajificha upande wa Bukini, yaani Madagaska, wanatoka huko na pepo nzuri. Watu hudhani haramia anatafuta dhahabu. Haramia kwanza anatafuta maji ya kunywa, halafu mchele, samli, kamba, nguo; halafu anatafuta watu, kwa kuwa watu wanauzika kila bandari. Ngawira waligawana sawa kuliko matajiri wengi, na mwenzao akikatika mkono aliongezewa fungu. Hayo mema yake nayasema kwa kuwa ni kweli. Na Mwambani alishuka alfajiri akawachukua wasichana waliokuwa kisimani. Hilo nalo ni kweli. Hakufa kwa upanga. Uzee ulimshusha Mchangamle, akajenga nyumba ya mawe, akafa kwa kuhara, mkewe akimfulia shuka. Kaburi lake liko nje ya kijiji, na utotoni mwangu lilikuwa halipakwi chokaa.

Kwetu, posa haikupokewa mpaka pande mbili zihesabiane wazee. Upande wa mume huanza, mkubwa wao anataja majina kurudi nyuma mpaka anapokomea. Upande wa mke hujibu, lakini wao husemewa na mtoto wa kike, nyuma ya pazia, asikike asionekane. Msimu ule wa kuvuna mpunga bibi alinifundisha kila jioni tukipeta. Majina alinipa yote, maana ukiruka moja uzi unakatika, ila tulipofika kwa Hatibu, mtoto wa Mwana Arafa na Faki wa Tanga Jekundu, aliniambia, "Hapa nitakohoa. Wewe pita." Nikamuuliza kwa nini akohoe wakati haumwi. Akasema hata yeye alikoholewa na nyanya yake. Hatibu akabaki mtu asiye na mama wala baba, amezaliwa na kikohozi.

Siku yenyewe Bibi Somoe alianza. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikuyumba. Alitaja wazee wa Mwambani mmoja mmoja, akafika kwa mzee mmoja, Kombo Mkubwa, akasema, "Na dada yake, Mwana Arafa, aliyechukuliwa kisimani. Tangu hapo hatumjui." Akashusha sauti, kama mtu anayepita mlangoni pa nyumba yenye maiti, kisha akaendelea. Chumbani bibi yangu alinishika mkono. Nilijua amesikia nilichosikia. Mama alikuwa anamtazama Mwanaidi, na Mwanaidi alikuwa anatazama mkeka, maana alimtaka Shaame kwa moyo wake wote, na kila mtu mle ndani alijua kwamba mtu wa Mwambani hawezi kuoa damu ya Faki.

Zamu yangu ikafika. Nikataja toka mama Fatuma, nikapanda mpaka kwa Shali, mpaka kwa Hatibu, na bibi akakohoa. Alikohoa vizuri, kikohozi kirefu cha mtu mzima. Nikamsubiri amalize. Alipomaliza nikasema kwa sauti kubwa, "Hatibu, mtoto wa Mwana Arafa na Faki wa Tanga Jekundu."

Bibi alinifinya mpaka leo nakumbuka ni upande gani. Barazani Haji alisimama, tulisikia viatu vyake, na Mwanaidi akaanza kulia ndani ya kanga. Halafu Bibi Somoe akasema, "Kaa, Haji. Mtoto, rudia."

Nikarudia.

"Alizaa wangapi?"

"Hatibu tu, bibi."

"Alizikwa wapi?"

Hilo sikulijua. Akajibu bibi yangu, yeye aliyekohoa umri wake wote: "Yuko kwetu. Karibu na kisima. Alisema mwenyewe asizikwe na Faki."

 Bibi Somoe akamwambia Shaame afunge tambuu ya posa, airudishe kapuni. "Leo hatuposi," akasema. "Leo tumekuja matangani, na tumechelewa."

Wakaenda kaburini, wanaume kwa wanawake, na baba akaacha pipa linachemka akawafuata. Mwanaidi hakula siku ile wala kesho yake. Alinitukana kwa majina ambayo siwezi kuyaandika, nikamwachia. Wamwambani walifanya matanga ya Mwana Arafa kama amekufa juzi, na arobaini ilipopita Shaame akarudi na kapu lilelile. Safari hii bibi hakukohoa. Mwanaidi na Shaame walizaa, wakazeeka, wakazikwa pamoja.

Nayaandika haya kwa kidole kimoja kwenye simu kwa kuwa wageni wa Zuhura wanakuja Jumamosi kutoka Houston kumposa. Zuhura amenibembeleza, "Bibi, please, hiyo part ya pirates uiruke. Hawa watu hatuwajui bado, wata-judge." Namwelewa. Nilikulia mahali ambapo jina moja lingeweza kumnyima dada mume, na hapa hakuna hata pazia, sebule na jiko ni chumba kimoja. Lakini kule nyuma jina lilikuwa na watu wa kulificha na watu wa kulitafuta. Hapa lisiposemwa Jumamosi moja, limekwisha, halina hata wa kulikoholea. Nasra ndiye atakayesema. Ananijibu Kiingereza kwa kila kitu, ila majina anayataja sawasawa kama nilivyofundishwa mimi.

Zuhura akasonya, halafu akamuuliza mdogo wake anataja mpaka wapi. Nasra akasema mpaka mwisho. Jana Zuhura akaja mwenyewe jikoni akakaa karibu yangu, akasikiliza yote, akaniomba nirudie lile la kisima.

Basi kama kuna jina nimelikosea, nisahihishwe. Mzee hujiamini kupita kiasi. Wasichana waliokuwa kisimani na Mwana Arafa, Mwanakheri na Mize, Bibi Somoe aliwataja siku ile ya matanga, kwa sauti ileile, na hao hakuna aliyewapata. Kama mmoja wao yumo katika wazee wa kwenu, au kwenu kuna mahali mtu hukohoa, tafadhali niambie nimekosea wapi.