Kusalimia Tu

Mchumba wangu alinipa sharti moja: niende nikasalimie tu, nisiseme neno lolote kuhusu ndoa. Nilipomuuliza kwa nini tusiende pamoja, alicheka. Alisema binti akimleta mwanamume nyumbani kwa mkono wake mwenyewe, watu watasema amejiposa. Baba yake alikuwa amekwisha kusikia kwamba kuna mtu wa ofisini anamtaka, na jibu lake lilikuwa fupi: kabla ya posa yoyote, amwone kwanza huyo mtu. Akinikataa yeye, mchumba wangu hatabishana naye. Aliniambia hivyo waziwazi, huku akinifunga kifungo cha shati, na tangu hapo usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu.

Kwao ni ndani kabisa, magharibi ya Chemba, ambako lami haijafika. Nikamtafuta dereva mwenyeji wa huko. Nilimpata mtu mzima mwenye kigari cheupe, ambaye kazi yake ni kuwazungusha wageni wanaotaka kuona milima, mashamba na michoro ya kale mapangoni. Kwa hiyo alikuwa na mazoea ya kueleza kila kitu, na mimi siku ile sikutaka kuelezwa chochote. Tulipofika Msalato akapunguza mwendo ili anionyeshe uwanja mpya wa ndege. Nikamwambia, mzee wangu, mimi naishi Dodoma, uwanja huu naujua. Akasema sawa, lakini hakuongeza mwendo.

Ndivyo nilivyoumbwa. Mimi ni mtu wa kusimama mlangoni kabla basi halijasimama. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilitoka tumboni nimeshavaa viatu. Siku ile ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kila dakika iliyopita niliitumia kujiuliza yule mzee ataniona vipi: mtu wa kutoka ziwani, asiyejua lugha yao hata kidogo, umri umeshasogea, na viatu vya ofisini.

Chemba tulikuta mnada. Dereva akaegesha, akateremka, akaanza kusalimiana. Alimsalimia mwenye ng'ombe, mwenye mbuzi, mwenye magunia ya alizeti, na kila salamu ilikuwa na maswali yake: watoto, wagonjwa, visima, mifugo. Mimi nilibaki ndani ya gari na vioo nimevipandisha, joto linanichemsha. Aliporudi alikuwa na mbuzi choma kwenye karatasi.

“Karibu, bosi. Njia bado ndefu.”

“Sili. Twende.”

Alikula peke yake, taratibu, akiendesha kwa mkono mmoja. Halafu akaanza kunichimba. Huko ninakokwenda kuna nini? Nikasema nakwenda kusalimia. Kusalimia nani? Mzazi wa rafiki. Akatabasamu, akaangalia mbele, kisha akauliza kama nina wazee. Ili anyamaze nikamjibu yote kwa mkupuo: baba alifariki nikiwa sekondari, mama naye ametangulia, amebaki baba mdogo, yuko ziwani, miguu imekufa, hawezi safari. Akasema pole. Baada ya hapo kweli alinyamaza, na ukimya wake ukanikera vilevile.

Kwenye barabara ya vumbi tulipotea. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimekata njia ya zamani, watu wakachonga nyingine pembeni, na dereva wangu, kwa kujiamini kwake, akafuata ile aliyoizoea mpaka ikatuishia kwenye korongo la mchanga. Ilibidi turudi kinyumenyume huku miiba ikikwaruza milango. Hapo nikapasuka. Nilimwambia kama hakujui kwao angesema tangu mjini nimtafute anayekujua. Nilisema kwa sauti kubwa, na mwanamke aliyekuwa akipita na punda wake alisimama kututazama. Dereva alifuta jasho, akashika usukani, tukaendelea.

Tulipofika, mama wa mchumba wangu alitukaribisha kwenye vigoda kibarazani na kutuambia mumewe amekwenda porini kuangalia mizinga ya nyuki. Tukangoja. Nilikaa, nikasimama, nikaenda hadi kona ya zizi kuchungulia njia, nikarudi. Upepo ulikuwa ukisukuma vumbi uani, na kuku wenyewe walikuwa wamejificha. Dereva alinyoosha miguu, akasinzia. Nilimwonea wivu mkubwa.

Baba wa mchumba wangu alikuja jua likiwa limeanza kulala, ananuka moshi, nyuki mmoja aliyekufa ameganda kwenye kola ya shati lake. Nikainuka haraka.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umefika salama? Kaa.”

Basi. Hakuniambia neno jingine. Alivuta kigoda akakaa karibu na dereva, wakaanza kuzungumza kilugha, ile lugha ya kwao ambayo ulimi hugongwa kwenye meno na kwenye kaakaa, na mimi sikuambulia kitu. Nilidhani ni salamu za mnada. Lakini mzee alikuwa akiuliza swali fupi, dereva anajibu kirefu, kisha wote wawili wananitupia jicho. Nikamsogelea mama aliyekuwa akichambua mlenda pale pembeni.

“Mama, wanazungumza nini?”

“Anauliza habari zako.”

“Mbona haniulizi mimi?”

Alinitazama kwa huruma kidogo. “Ukiulizwa wewe si utajisifu? Hapa anaulizwa uliyekuja naye. Yeye amekuona njiani.”

Mtu niliyemgombeza porini mbele ya mpita njia, niliyemkatalia chakula, ambaye sikumwuliza hata ana watoto wangapi, ndiye alikuwa akinieleza kwa baba wa mwanamke ninayempenda, kwa lugha ambayo siwezi kudaka hata neno lake moja. Nilitaka kuondoka. Nilitaka pia kumpigia magoti. Nilikaa kwenye kigoda nikitazama mikono yangu.

Hatimaye mzee akanigeukia, akasema kwa Kiswahili cha polepole.

“Mwenzako anasema huna subira.”

“Ni kweli, baba.”

“Anasema umemkaripia.”

“Nilimkaripia.”

“Na nyama umeikataa.”

“Nilikuwa na hofu. Nisingeweza kula.”

Alijikuna kidevu, akatazama njia tuliyokuja nayo. “Hapa watu wa haraka nawajua. Wote wana haraka ya kuondoka. Hata mwanangu akija, siku ya pili anaanza kuulizia gari. Aliyekuwa na haraka ya kuja, sijapata kumwona.” Hakutabasamu. Sikujua kama nimesifiwa au nimehukumiwa, na nadhani yeye pia alikuwa bado anafikiri.

“Wazee wako wako wapi?”

Nikakumbuka sharti langu. Nikikaa kimya nitaonekana mjeuri, nikijibu nimeingia kwenye posa. Dereva akanijibia.

“Hana. Wazazi wamefariki. Kuna baba mdogo, hawezi kusafiri.”

“Basi huyu atasemewa na nani?”

Mama aliacha kuchambua mlenda. Niliona jambo langu linanitoka mbele ya macho yangu, si kwa ubaya wangu bali kwa kukosa mtu, na nikahisi uchungu ambao sikuwa nao hata nilipomzika mama. Dereva alikohoa. Alivua kofia, akaiweka gotini, akasema kilugha maneno machache tu. Mzee akamtazama muda mrefu, akaitikia kwa kichwa, kisha akamwambia mkewe alete asali.

“Umesema nini?” nikamnong'oneza.

“Nimemwambia nyumbani kwangu nina mabinti watupu,” alisema, bila kunigeukia. “Kila mwaka napokea posa za watu, mimi sijawahi kupeleka. Nitakuja na huyu kabla ya mvua.”

Nilitaka kumshukuru, nikainuka kwenye kigoda. Mzee akasema tusiondoke kwanza, asali inakuja, nami nikakaa.