Mistari Yenye Namba Kutoka Njombe

Mwandiko wangu umelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na tahajia yangu iliishia darasa la saba. Mnisamehe kwa hayo mawili. Kwa programu yangu siombi radhi.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, nilifanya kazi kwa msafirishaji wa mbao tuliyemwita Haji. Yadi yake ilikuwa Lyamkena, Makambako, na ofisi ya pili mtaa wa Ramadhani, Njombe, nilikokuwa mimi. Nilianza kwenye redio ya upepo, ile ya kuongea kwa zamu. Pale kila ujumbe una namba, na anayepokea anaurudia wote kabla hujatuma mwingine. Baadaye zikaja kompyuta mbili zilizounganishwa kwa laini ya simu. Nikawa nachapa orodha ya malori na mbao zake, na kompyuta ya Makambako, tuliyoiita seva, inapokea.

Programu tuliyoletewa ilimwaga orodha yote bila kuuliza kama imefika. Mvua ikinyesha laini inakwaruza, tarakimu zinabadilika. Siku moja lori la mbao mia nne liliandikwa mia tisa, na dereva akazuiwa getini akiitwa mwizi.

Nikasoma kitabu kilichokuja na mashine, kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku. Baada ya miezi kadhaa nikaandika programu yangu. Njombe inatuma mstari mmoja, seva inaurudisha. Ukiwa sawa, Njombe inaagiza uandikwe, na seva inajibu kwamba imeandika. Namba za ujumbe niliziacha, nikidhani mashine haizihitaji.

Mvua ya kwanza ikaniumbua. Jibu la seva lilipotea njiani, Njombe ikatuma mstari upya, seva ikaandika lori lilelile mara mbili. Makambako wakasubiri hadi jioni gari lisilokuwepo.

Haji akamleta mtaalamu kutoka Dar.

“Bwana mdogo, hii ni kompyuta, siyo redio,” mtaalamu aliniambia. “Umesomea wapi?”

“Shule ya msingi.”

Akacheka. “Haji, tuifute hii. Kila mstari unasafiri mara mbili.”

“Kijana, una la kusema?” Haji aliuliza.

Mimi huangalia viatu vyangu nikiulizwa. Siku hiyo nilimwangalia yeye. “Naomba mvua moja tu, Haji.”

Nikaweka namba kwenye kila mstari. Seva ikipata namba iliyokwisha kuiandika, inajibu tu, haiandiki tena.

Mvua ilinyesha siku ya tatu, saa nane mchana. Mtaalamu alituma orodha kwa ile programu ya mwanzo, ikaisha kwa dakika moja. Yangu ilichukua robo saa, yeye akipiga mluzi. Kisha Haji akapiga simu kutoka Makambako, akatusomea zote mbili. Ya mtaalamu ilikuwa na magari mawili ambayo tarakimu zake zimeharibika. Yangu ilikuwa sawa na karatasi.

“Lakini ni polepole mno, Haji,” mtaalamu alisema.

“Lori lenyewe linatumia saa mbili. Orodha ina haraka ya kwenda wapi? Mwache kijana.”

Alipokata simu, mtaalamu akasema ataandika kwenye ripoti kwamba tumeitengeneza pamoja.

“Hapana,” nilimwambia. “Andika ulivyotaka kuifuta.”

Wewe uliyewahi kutuma kitu kwenye laini mbovu, niandikie ulifanyaje. Ukiona nilikosea, niandikie pia, lakini unioneshe mstari wenyewe.