Majani ya Gofuni

Waliokuwapo uani alasiri ile, katika utoto wangu kisiwani Pate, ni hawa: bibi yangu, Mwana Esha binti Heri, mama yangu, Bi Rukia, bado mgonjwa wa uzazi, binamu yangu Athmani, mimi, na mdogo wangu Abubakari, ambaye alikuwa hajatimiza siku arubaini. Mama hakuwa na maziwa. Abubakari aliishi kwa maziwa ya mbuzi wetu mmoja.

Ulikuwa ukame. Nyasi zilikwisha, na mbuzi alizidi kukauka. Palipobaki kijani ni gofuni tu, ndani ya nyumba ya mawe iliyobomoka, ambamo mhogo ulijiotea. Bibi alitukataza: majani yale yana wenyewe, majini, na mnyama akiyala, maziwa yake hayanywiwi.

"Weye waogopa mayani ya gofuni?" Athmani alinicheka mchana ule. "Basi vaa buibui."

Nikaenda. Nilikata mzigo mzima, nikampa mbuzi mabichi vile vile. Alikula kwa pupa. Punde bibi akamkama, akapata nusu bakuli.

"Umeyakata wapi?"

"Shambani kwa Bwana Kombo."

Athmani akatazama chini.

Mama alimpakata mtoto, akachota kijiko. Hapo mbuzi akaanza kutetemeka, shingo ikampinda, povu likamtoka. Bibi hakumwendea. Alinitazama mimi.

"Nakuuliza mara ya pili, mwanangu. Wapi?"

Kijiko kilikuwa kimefika midomoni mwa Abubakari. Nikisema kweli, atalala na njaa. Nikinyamaza, atakunywa.

"Gofuni."

Bibi alimpokonya mama kijiko na bakuli, akamwaga yote mchangani. Hakunipiga. Mbuzi alikufa kabla ya magharibi. Hakuna aliyethubutu kumchinja angali hai.

Miaka mingi baadaye bwana mifugo alinieleza kwamba mhogo mchungu una sumu, na majani yake huanikwa juani kwanza ndipo mbuzi apewe. Wajukuu wangu, wanaofuga mbuzi wa maziwa, hufanya hivyo. Bibi hakujua habari za sumu, lakini aliujua mhogo wenyewe. Nimeacha kubishana juu ya majini. Nilimuuliza bwana mifugo jambo moja tu: maziwa yale yangemdhuru mtoto? Alisema hana hakika, huenda yasingemdhuru.

Jioni ile tulianza kumpa mtoto maji ya mchele. Abubakari alifariki siku ya sita.