Farasi wa Karthago Kwenye Mnada wa Kanisa

Mwalimu Wabwile hajui kukaa. Nimemfahamu miaka kumi na tisa, tangu alipohamia Kachibora kutoka Bokoli kuja kufundisha historia, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ametulia. Atapiga mafunda mawili, ainuke, aende dirishani, arudi, aangalie simu. Ukimuuliza kinachomsumbua, atakwambia hakuna. Uongo mtupu. Kinachomsumbua ni sarafu.

Si sarafu za kununulia sukari. Ni za watu waliokufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita: Wafoinike wa Tiro na Sidoni, wale wa kwenye Biblia, na ndugu zao waliovuka bahari wakajenga Karthago kule kaskazini mwa Afrika. Alianza siku mwanafunzi wa kidato cha pili alipomuuliza kama amewahi kushika kitu chochote cha hao watu anaowasimulia kwa mbwembwe hivyo. Hakuwa amewahi. Mtu mwingine angecheka yakaisha, lakini yeye aliumia. Akaagiza sarafu ya shaba kwa mtandao kutoka kwa muuzaji wa Uingereza, ikaja posta ya Kitale ndani ya bahasha, imeliwa na kutu, bei yake haifiki ya gunia la mahindi. Sasa amestaafu na anazo ishirini na tatu, pamoja na taa ya udongo iliyovunjika mdomo na shanga mbili za kioo cha buluu. Sarafu amezilaza kwenye trei ya mayai, kila moja na shimo lake, juu ya pamba.

Mimi ni Matthew, mzee wa kanisa, na ndimi ninayenadi sadaka za mavuno. Kila mwaka watu huleta walichojaliwa: mahindi, malenge, jogoo, mkungu wa ndizi. Ibada ikiisha tunatoka uani, napanda juu ya benchi, nanadi mpaka sauti inakauka. Kwa desturi yetu anayeshinda harudi na kitu nyumbani kwake. Anampa mtu palepale, awe pasta, mjane au mgeni. Na kikishapewa mtu mbele ya kanisa ni chake. Hakuna wa kukidai.

Sasa nieleze habari ya mtamba, maana hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mke wa Wabwile anaitwa Viola Chepkemei, Mama Derrick kwa jina la mtoto wao. Mwaka juzi alipasuliwa goita huko Kitale, na kabla ya kuingia chumba cha upasuaji aliweka nadhiri. Kaka yake, Kipkosgei, alikuwa amempa mtamba mwekundu, na Viola akamwahidi Mungu ndama wa kwanza wa mtamba huyo. Akapona. Mtamba naye akashika mimba. Kisha mama mzazi wa Wabwile akaugua kule Bokoli, Viola akafunga virago akaenda kumuuguza. Miezi miwili alimwogesha, akamlisha uji, akamgeuza kitandani. Mama mkwe, si mama yake.

Huku nyuma yule muuzaji wa Uingereza akatangaza sarafu ya fedha ya Karthago. Upande mmoja kichwa cha mungu wao wa kike, upande wa pili farasi aliyegeuza shingo kutazama nyuma. Wabwile alikuja dukani kwangu mara nne siku moja.

"Matthew, hii ikienda hairudi," aliniambia.

"Si uiache iende."

"Wewe huelewi, bana. Nimengojea hii miaka kumi."

Akazunguka magunia yangu ya mbegu kama kuku anayetafuta pa kutaga. Siku ya soko nilimwona akimkokota mtamba kwa kamba, nikajua, na nikanyamaza. Naona haya kusema hivyo lakini ndiyo kweli. Nilijiambia mambo ya mume na mke si yangu.

Viola aliporudi alikuta zizi tupu. Mumewe akamwambia mtamba alipata ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, ikabidi auzwe haraka kabla hajafa. Viola alilia, akaamini. Mpaka mwezi wa nane alipopita kwa boma moja njia ya kwenda Kitale, akamwona mtamba wake mwekundu amesimama pale, mzima, na ndama ananyonya.

Hakumgombeza mumewe. Aliendelea kupika, kufua, kusalimia watu. Wabwile alihisi kuna jambo na hakujua ni lipi, akazidi kuhangaika, mchana wote njiani, mara kwangu, mara posta, mara hajui aendako.

Jumapili ya mavuno ikafika. Viola alipita mbele na leso iliyofungwa fundo, akaiweka mezani kati ya jogoo na debe la maharagwe. Pasta akabariki vyote kwa pamoja. Nilipoifungua leso ile juu ya benchi, mbele ya kanisa zima, farasi wa Karthago alikuwa kiganjani mwangu. Nilimtazama Viola. Alikuwa ameketi mstari wa mbele, mkoba magotini, akinitazama bila kupepesa macho.

Ningeweza kuifunga tena. Sikuthubutu. Kilichobarikiwa kimebarikiwa.

"Pesa ya zamani hii!" nikapaza sauti. "Nani ataanza?"

"Ya mkoloni?" mtu akauliza, watu wakacheka.

"Mia mbili!" akasema Kipkosgei. Huyu ana mahindi mengi na hupenda mnada kuliko mahubiri.

Wabwile alikuwa kule langoni, akienda na kurudi penye baiskeli. Akasikia. Akaja akipenya katikati ya watu, akaiona mkononi mwangu, na uso wake ukawa wa mtu aliyeona nyumba yake ikiungua.

"Elfu moja!"

"Ala! Shemeji anaitaka," Kipkosgei akasema kwa furaha. "Basi ni kitu. Elfu mbili."

"Tatu!"

"Nne!"

Walipandishana hivyo, watu wakipiga vigelegele, hadi elfu kumi na nne. Hapo Wabwile akapapasa mfuko wa shati, wa suruali, wa koti. Kipkosgei akasema kumi na tano. Nikaanza kuhesabu.

"Moja..."

"Matthew, usihesabu!"

"Mnada ni mnada, mwalimu. Mbili..."

"Hiyo kitu si ya kuuzwa! Hiyo ni ng'ombe ya Mama Derrick!"

Vigelegele vilikatika. Kipkosgei alishusha mkono polepole.

"Waambie vizuri, Baba Derrick," Viola akasema, bado ameketi. "Ng'ombe gani? Ile ya ndigana?"

Ndipo yakamtoka yote. Nadhiri, Bokoli, soko, uongo. Alisema akigeuka huku na huku, akiikunjakunja karatasi ya nyimbo mpaka ikachanika. Mimi juu ya benchi nilitamani ardhi ipasuke, kwa sababu nilijua kila neno kabla hajalisema.

"Ilikuwa na mimba ya miezi ngapi?" Kipkosgei aliuliza.

"Mitano."

"Na dada yangu alikuwa anaosha mama yako."

"Ndiyo."

Kipkosgei alininyooshea noti. "Elfu ishirini. Maliza, Matthew."

Nikamaliza. Aliichukua ile sarafu, akatembea hadi kwa Viola, akamwekea mkononi. "Dada, shika ng'ombe yako."

Mtajua Wabwile ni mtu wa namna gani nikiwaambia kwamba wakati ule alipumua. Nilimwona. Aibu ilikuwa imempata, ndiyo, lakini sarafu ilikuwa inarudi nyumba ileile, karibu na trei ileile, naye akafikiri maji yamepoa. Nilikasirika sana nikamgeuzia mgongo.

Jumatano Viola akaniita kwao niwe shahidi. Alikuwa ameweka sarafu mezani, na simu ya mumewe kando yake.

"Mwandikie yule mzungu wako," akamwambia. "Iuzwe."

"Mama Derrick, tafadhali. Nitauza zile zingine. Zote."

"Zile si zangu. Hii ni yangu, nilipewa kanisani. Mungu nilimwahidi ndama, si farasi, na pesa yake itanunua ndama. Andika."

Hakuna mwingine wa kuandika. Viola hajui habari za Karthago, na mimi ninachojua ni bei ya mbolea. Nikaona wazo likimpitia Wabwile usoni, maana ningefikiria vilevile: akiandika vibaya, hakuna atakayenunua. Akaandika kwamba sarafu imechakaa. Akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akaifuta ile sentensi. Haikuwa imechakaa na mkono wake ulikataa. Akaanza upya. Aliandika, akasimama, akaandika, saa nzima, jasho likimtiririka, na alipomaliza Viola akamtaka atusomee kwa Kiswahili.

Akatusomea. Nywele za mungu yule zimechongwa uzi kwa uzi, na katikati yake kuna masuke ya ngano. Farasi ana mbavu unazoweza kuzihesabu. Fedha yake ni safi, haijasuguliwa. Karibu na sikio la farasi kuna mkwaruzo mdogo, hauonekani kwa picha, lakini upo, na mnunuzi anapaswa kuujua.

Viola alisikiliza shavu likiwa kiganjani.

"Huo mkwaruzo," akasema. "Kwa picha hauonekani?"

"Hauonekani."

"Na umemwambia."

"Mtu anayenunua lazima aambiwe ukweli."

"Mtu wa Ulaya, hamjawahi kuonana." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na mimi, Baba Derrick, nikitoka kwa kitanda cha mama yako, uliniambia nini?"

Wabwile akaichukua simu kwa mikono miwili akaituma ile barua, na siku ya pili sarafu ikapata mnunuzi.