Chiriku Mweupe wa Rutamba

Sikwenda Rutamba kutembea. Nilikwenda kumposea ndege wangu. Sultani, chiriku wangu dume, anaimba kuliko ndege yeyote wa kufugwa hapa Kilwa Masoko, na hayo si majivuno, waulizeni majirani. Nilisikia Rutamba yuko mama mwenye chiriku weupe, anaowazalisha mwenyewe tunduni. Weupe ni adimu mno, jike mmoja bei ya mbuzi wawili.

Saa kumi na mbili asubuhi nikaondoka. Mke wangu Mwanahawa alikuwa amefunika tundu kwa kanga yake kuukuu, kama kila siku. Nikaona haya. Mimi fundi cherehani, nikapose na kanga iliyochakaa? Tulipobadili gari Nangurukuru nikaitia mkobani, nikafunika kitenge kipya nilichokitia marembo kwa mkono wangu. Abiria wakakisifu, nami kichwa kikavimba.

Adhuhuri nilishuka Lindi, nikaswali, nikapata gari la Rutamba.

Bi Somoe, mwenye ndege, nilimkuta barazani anabangua korosho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tumsikie bwana harusi. Hela peke yake hainitoshi, dume asiyeimba simpi mtoto wangu."

Nikafunua kitenge. Sultani kimya. Nikapiga mbinja, kimya vilevile, kajikunyata pembeni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nyumbani mnamfunika nini?" akauliza Bi Somoe.

Ikabidi niseme ukweli. Nikaitoa kanga. Akaitandaza juu ya tundu, akarudi kwenye korosho zake bila kunijali. Baada ya kitambo akaifunua taratibu, kama afanyavyo Mwanahawa kila alfajiri. Sultani akajinyoosha, akaimba, akaimba tena, mpaka wapita njia wakasimama. Machozi yalinilengalenga, sioni aibu kusema.

"Kwake hapo ndipo kunapokucha," alisema Bi Somoe, akaenda kumleta jike, mweupe pe.

Kesho yake njiani kurudi, Nangurukuru, bwana mmoja aliyekuwa akila chapati alitaka kumnunua yule jike kwa bei maradufu. Nikamwambia huyu ni mkwe wangu, hauzwi.

Jioni nilifika nyumbani na ndege wawili chini ya kanga moja. Mwanahawa akatazama mkobani.

"Na kitenge chako cha marembo, mbona umekikunja?"

"Hicho ni chako, kivae," nikamwambia. "Kanga yako tuachie sisi."