Bia Iliyomngoja Kemboi

Mimi nimepika busaa tangu nikiwa na meno yote kinywani, na sijawahi kuona mtu anayetengeneza pombe bila kuionja, isipokuwa mmoja. Huyo ni Jebet, mke wa mwanangu Kemboi. Kisa ni chake. Mimi ninapitapita ndani yake kwa sababu yule aliyekuwa akingojwa nilimzaa mimi.

Kwetu ni Keringet, juu kwenye baridi. Na baridi yetu si ya mchezo. Jogoo wangu mmoja aliwika asubuhi, akaona mvuke ukimtoka mdomoni, akadhani anaungua ndani; alipiga kelele mpaka majirani wakaja na ndoo za maji. Ukibisha, panda Keringet uwaulize hao majirani, ingawa wengi walihama kwa aibu.

Kemboi alikulia katika baridi hiyo akikimbia ili apate joto. Nilikuwa nikimtuma dukani, na kabla sijamaliza kumwambia asisahau kiberiti, ameshasimama mlangoni na chumvi. Akamwoa Jebet, msichana wa ng'ambo ya mto, mrefu, mtu wa maneno machache, mwenye kucheka kwa pua. Halafu watu wa mbio wakamchukua Ulaya. Kazi waliyompa ilikuwa ya kuwavuta wenzake: anatangulia mbele, anaweka mwendo, na wakifika katikati anatoka pembeni, wengine wanaendelea mpaka kwenye utepe. Yaani analipwa ili asifike. Nilipoelezwa hivyo nilicheka hadi nikashika mbavu. Jebet hakucheka.

Goti likamharibikia huko Ujerumani. Wenzake walirudi na mifuko yao, yeye akabaki kwa mzee mmoja mwenye kiwanda cha bia, kidogo kama zizi, akimwoshea mapipa. Akaosha, akatazama, akajifunza. Kila jioni anampigia Jebet simu na kumweleza: kimea kinafanywa hivi, hamira inataka vile, joto lisipite hapa. Jebet anasikiliza huku anakamua, simu ameibana kati ya sikio na bega, na ng'ombe naye amegeuza shingo kusikiliza. Nakuambia, yule ng'ombe angepewa tangi angejaribu.

Ndipo wakapatana. Wangefungua kiwanda chao Nakuru, cha bia ya wimbi wa kwetu, yaani ulezi, uliooteshwa kwenye magunia na kukaangwa kwa moto wa kuni mpaka unukie. Si busaa ya kunywa leo na kumwaga kesho, bali bia iliyotulia, ya kuangaza kwenye glasi, ila ukiimeza unajua imetoka Keringet. Yule mzee wa Ujerumani akatoa tangi lake la zamani, la chuma kisichoshika kutu, likaja kwa meli.

“Anza,” Kemboi akamwambia Jebet. “Lakini ya kwanza usifungue. Ya kwanza nitaifungua mimi. Nitakuwa nimefika.”

Jebet akalishika neno hilo kama lilivyo. Na hapa lazima nikueleze, maana ukiwa si wa kwetu utamwona mjinga. Nyumbani kwetu, pombe mpya haiguswi na mtu kabla ya mwenye boma. Mtungi unawekwa katikati, wazee wanakaa kuuzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu juu ya magoti, na hata koo zikauke namna gani, wanangoja. Mwenye boma anatia mrija wake, anavuta, anameza, anaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo mirija ya wengine inaingia. Jebet alikuwa na tangi la Wazungu, lakini boma lilikuwa la Kemboi.

Nikashuka Nakuru naye, kuku wangu nikawaachia jirani. Kupata mahali kulitusumbua sana. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Mzee Nasrudin, mfanyabiashara wa mjini ambaye babu zake walitoka pwani. Alitukalisha, akatupa kahawa na tende, akatusikiliza mpaka mwisho.

“Binti yangu,” akasema, “ukileta mashine ya unga, funguo hizi hapa. Ya bia siwezi. Kodi yake nitaila vipi, na msikiti nauona hapo dirishani?”

“Tungefunga dirisha,” nikamwambia.

Alicheka mpaka kofia ikateleza, lakini funguo hakutoa.

Chumba cha pili kilikuwa kizuri, lakini nyuma ya ukuta watoto wa nasari walikuwa wakiimba a, e, i, o, u, na sheria haitaki pombe karibu na shule. Mwishowe tukapata ghala kuukuu upande wa barabara ya Njoro, lililokuwa la ngano. Panya wake walikuwa wamenenepa, paka wakikutana nao wanawapisha njia. Hapo tukakaa.

Odero, fundi wa mabomba, ndiye aliyelisimamisha tangi. Yeye mdomo wake na spana yake vinafanya kazi pamoja.

“Kogo,” akaniambia, maana ndivyo watoto wa kwetu wanavyomwita bibi na yeye aliokota, “hii kitu ikipasuka tutaokotwa Ndabibi, kule Naivasha.”

“Mimi nikiokotwa Ndabibi nitaolewa huko huko. Wewe kaza nati.”

Watu wa leseni wakaja, wakarudi, wakaja tena. Mara sakafu iwekwe vigae, mara maji machafu yaelekee huku, mara choo kiwe mbali na kimea. Mimi enzi zangu chifu akija nilikuwa najifunga mtungi tumboni, najifunika blanketi, nalia uchungu wa kuzaa. Askari wanavua kofia. Chifu mmoja alinipa mpaka jina la kumpa mtoto, na hadi alipostaafu alikuwa akiniuliza anaendeleaje shuleni. Kwa hiyo hii ya kuomba ruhusa ya kupika ilinishinda kuielewa. Lakini Jebet aliomba, akavunja sakafu, akaweka vigae, akaomba tena kwa adabu.

“Mwenye biashara ni nani?” mmoja wao akauliza.

“Ni bwana yangu.”

“Yuko wapi?”

“Yuko njiani.”

Yule mtu akatazama nje barabarani, utadhani ataona vumbi.

Jebet akapika. Bia ilipoiva, watu wa leseni wakaja kuchukua kidogo kwa bomba wakaipime maabara. Nikamwona Jebet amegeuza uso ukutani. Nikamuuliza, je, hiyo si kufungua? “Hapana, Mama,” akasema. “Mashine haina koo.”

Leseni ikatoka. Tangi likawa limejaa, lina baridi yake, limetulia. Na Kemboi akawa anakuja. Alisema atakuja kabla ya mvua. Mvua ikanyesha. Akasema mahindi yakivunwa. Yakavunwa. Halafu yule mzee wake akaugua, hawezi kumwacha. Kila akitaja siku, Jebet anakwenda kusukwa nywele. Zikichakaa, anazifumua kimya, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya tangi, kama watu wawili wanaongojea basi moja. Wakati mwingine anaegemeza sikio kwenye kile chuma. Anakinusa kifuniko. Kuonja, hata tone, hapana.

“Shemeji,” Odero alimwambia, “wewe ni mpishi gani hauonji chumvi?”

“Nanusa.”

“Mimi ukininyima, nitaanza kunusa pia. Nitakuja hapa na pua kila siku.”

“Njoo nayo. Pua ni bure.”

Na mimi? Majirani wa pale ghalani walikuwa wakiniuliza mwanangu anafika lini. Nikawaambia ameamua kuja kwa miguu, mkimbiaji hapandi ndege kama mzigo. Wiki hiyo alikuwa amefika Misri, anapumzisha goti. Baadaye akafika Sudan, akapewa ngamia, akamkataa kwa sababu anachelewesha. Nilimtembeza hivyo, mto kwa mto, usiku nikilala nawaza kesho nimlaze wapi, atakula nini. Niliwaambia mpaka viatu vyake vimeisha soli. Nikamfikisha Turkana, na hapo nikakwama. Kutoka Turkana hadi Nakuru si mbali, na mtu akikaribia hivyo lazima afike. Nikamwacha Turkana. Wakiniuliza, nasema kuna jua kali, amekaa kivulini.

Halafu transfoma ya upande wetu ikalipuka. Stima ikapotea, mashine ya baridi ikanyamaza. Jua la Nakuru likapanda juu ya mabati, na kesho yake halikuwa na huruma zaidi. Odero akaweka kiganja kwenye tangi, akakiondoa polepole. Safari hii hakufanya mzaha.

“Shemeji, ni leo. Kesho utakuwa unauza siki.”

Siku hiyo hiyo akaja Lewis na pikapu. Huyu Lewis ana klabu kule Kamere, kando ya ziwa Naivasha, na ndiye peke yake aliyekuwa amekubali kuichukua bia ya Jebet. Alishakuja akarudishwa, akaja tena akarudishwa.

“Madam, mimi nimechoka na hii barabara,” akasema. “Nikirudi na mapipa matupu leo, naweka bia ya watu wengine na hatutafutani tena.”

Jebet akamtazama, akatazama tangi. Nikajua anachofikiria. Akimwaga bia hii, hana nguvu ya kupika nyingine, na ghala litarudi kuwa la panya. Akiifungua, basi amesema kwa mkono wake mwenyewe kwamba Kemboi haji.

“Ngojeni nimpigie,” akasema.

Uso wa mwanangu ukatokea kwenye simu. Alikuwa amekonda, amevaa gambuti za mpira, na nyuma yake mapipa yamepangwa.

“Stima imepotea,” Jebet akamwambia. “Bia haitaiona kesho. Uko wapi?”

“Jebet, nilikuwa nataka kukuambia, mwezi wa…”

“Sikuulizi mwezi. Nakuuliza uko wapi.”

Akageuka kutazama mapipa. “Niko hapa.”

“Umekata tikiti?”

“Karatasi zangu ziliisha zamani. Nikitoka hapa, hawaniruhusu kuingia tena. Na nikija huko, nakuja na nini? Goti?”

“Goti tungelikanda,” nikaropoka.

“Mama! Uko hapo?”

“Niko. Nimekufikisha hadi Turkana, na wewe unaniangusha.”

Hakuelewa, lakini akacheka, kile kicheko chake cha kujikunja, nami nikakisikia kama kiko jikoni kwangu. Kikakatika.

“Siji, Mama,” akasema. “Si mwaka huu. Sijui mwaka gani.”

Odero akainama akaanza kukaza nati iliyokuwa imeshakazwa. Lewis akatoka nje kuangalia magurudumu yake. Jebet alinipa simu, akasimama akiwa ameshika shingo kwa mikono yote miwili, pale nywele zilipoanzia, zilizosukwa wiki hiyo.

“Mama,” Kemboi akasema, “fungua wewe basi. Wewe ndiye mkubwa.”

Mungu anajua nilikuwa na kiu. Mkono uliinuka wenyewe, mimi sikuutuma. Na angeifungua mama yake, ingekuwa bado bia ya Kemboi, tungeendelea kungoja vizuri tu, mimi na Jebet, mpaka tuzeeke wote wawili. Nilimtazama yule msichana. Nikaurudisha mkono ndani ya leso.

“Mimi hapa ni mgeni,” nikamwambia mwanangu. “Boma hili lina mwenyewe.”

Nikavuta ile ndoo, nikakaa. Odero alitazama, akaacha spana, akaja akakaa chini karibu yangu. Lewis akarudi mlangoni, akatuona tumekaa kama watu wa matanga, naye akavua kofia bila kuambiwa.

Jebet alichukua glasi. Aliisuuza, ingawa ilikuwa safi. Akageuza bomba, na bia ikatoka na rangi ya asali ya msituni, povu likapanda, likatulia. Akaishika mbele ya uso wake. Alikaa hivyo mpaka nikataka kupiga kelele. Halafu akanywa, akameza, akafumba macho. Akaitikia kwa kichwa.

“Glasi!” Odero akaruka. “Wapi glasi, jameni!”

“Jebet,” sauti ya Kemboi ikaita kwenye simu, ndogo. “Jebet, niambie. Ikoje?”

Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Hakuwa na hasira. Alisema kama mke anayemwita mume aliye chumba cha pili kwamba chakula kiko mezani.

“Njoo uonje.”

Akaenda kumjazia Lewis mapipa.

Nami nikaiegemeza simu ukutani, juu ya gunia la wimbi, nikanywa yangu. Ilikuwa na moshi wa kuni, ilikuwa na wimbi wa shambani kwetu, na kwa pembeni uchachu kidogo, kwa sababu ilikuwa imekaa sana. Lewis aliomba ya pili kabla hajamaliza ya kwanza. Odero akaanza kusema kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza, kwa spana. Watu wa jirani wakasikia vicheko, wakaja na vikombe vyao vya chai. Jebet akawa anamimina, anafunga bomba, anafungua, mikono imelowa mpaka viwikoni, na mara moja nikamsikia amecheka kwa pua.

Hakuna aliyekuwa amemuaga Kemboi, na yeye hakuwa amekata simu. Nilipogeuka nilimwona bado amesimama kule kwake, mpira wa maji mkononi, maji yanamwagika juu ya gambuti, naye hajali. Alikuwa anatutazama. Kila Odero alipoinua glasi na kumeza, koo la mwanangu lilipanda, likashuka.