Kampuni Haikula Nyama Ile

Mwaka 1959 Salum Yunus, dereva wa siku nyingi hapa Mwanza, aliacha kuendesha malori ya watu akanunua la kwake, Bedford kuukuu la kubebea pamba. Bila bima lisingeruhusiwa barabarani, basi akaenda kwa wakala, Bwana Shiraz.

"Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la kuendesha gari?"

Salum alitazama ziwa dirishani. Miaka mitatu nyuma, Shinyanga, alimgonga mzee Ngosha aliyekuwa akiswaga ng'ombe, akamvunja mkono. Hakimu alimtoza faini. Kisha wazee wakawapatanisha. Ng'ombe akachinjwa, pande zote mbili zikala sinia moja. Jambo likiisha hivyo halitajwi tena. Anayelitaja amelifufua, nalo humrudia yeye.

"Sijawahi," akasema.

Nyumbani mkewe, Moza, aliweka mwiko chini.

"Hukumwambia?"

"Nilifufue jambo tulilokwisha kulila?"

"Mlikula na akina Ngosha, baba Mboni. Kampuni haikula nyama ile. Rudi kesho useme, watakuongezea ada tu."

"Ungezaliwa mwanamume ungekuwa hakimu, tungefungwa wote!" Salum akacheka.

Moza hakucheka. Tangu hapo, kila lori lilipochelewa, aliacha kazi yake akasikiliza barabara. Nadhani mtu huweza kuzoea hofu kama anavyozoea moshi wa jikoni, macho yakaendelea kuwasha.

Juma lile la uhuru mvua ilinyesha mfululizo. Karibu na Usagara lori liliteleza, likamkumba mwanamke aliyekuwa akipita kando, Kashindye. Hakufa, ila madaktari walimkata mguu.

"Bima ipo," Salum aliwaambia kaka zake Kashindye hospitalini. "Atalipwa. Njooni kwangu Jumamosi, wakala atakuja."

Jumamosi walifika mapema, wote watatu, wakapewa chai barazani. Shiraz alipokuja alipitia uani, hakutaka kukaa.

"Kampuni imeuliza Shinyanga, Bwana Salum."

"Yale yalikwisha! Waulize wazee."

"Kwenu yalikwisha. Sisi ulituficha. Hawatalipa hata senti."

Akaondoka kwa njia ileile ya uani. Barazani vikombe viligongana. Kaka mmoja aliuliza kama wakala bado yuko mbali.

"Nani atawaambia?" Moza akanong'ona.

Salum alivaa kofia yake, akatoka. Kaka mkubwa alimwona, akatabasamu, akasogea kwenye benchi kumpisha akae.